Kitambaa cha Stima na Mguu wa Mamangu

Nakumbuka alasiri moja, mwanangu, niliyokuwa na haraka. Miaka mingi imepita, mvi zimenijaa hata kwenye nyusi, lakini alasiri ile ikinijia hunijia nzima nzima. Feni inazunguka darini, jirani anakaanga viazi vya karai, mamangu kalala chali kitandani ananitazama, nami nimesimama mlangoni na buibui langu, mguu mmoja ndani, mguu mmoja nje. Nilikuwa na miaka ishirini na mmoja, na nilijiona nimeshamaliza kujua.

Ngoja nianze mbali kidogo. Nikianza na kilio hutanielewa.

Sisi ni watu wa mtaa wa Kuze, na kichochoro chetu ni chembamba hata ukitaka kumwazima jirani chumvi wanyoosha mkono tu dirishani. Baba alitangulia mbele ya haki nikiwa mdogo, tukabaki wawili, mimi na mama. Mama alikuwa mshonaji kofia. Si hizi za mashine zinazomwagwa siku hizi, la. Ni zile za mkono, zenye vitundu vidogo vidogo, kila kitundu kimezungushiwa uzi wake. Alinifunza tangu sijajua kusoma, na alikuwa mkali. Nikikosea vitundu vitatu alifumua safu nzima, akanirudishia kitambaa bila neno.

Hatua chache kutoka mlangoni kwetu palikuwa na kibanda cha ami yangu, Ami Twahir, fundi wa pasi na feni. Mungu hakumjaalia mtoto, basi mimi ndiye niliyekuwa nikishinda kwake, namshikia tochi, namfungulia skrubu, mpaka nikajua kufunga waya kuliko wavulana wa mtaa. Watu walimwambia, "Twahir, msichana huyu utamharibu." Naye huwajibu, "Stima haijui mwanamke wala mwanamume. Humrusha yeyote." Nililipenda sana jibu lile. Lilinifanya nitembee nimeinua shingo, na shingo ikiinuka sana, mwanangu, macho hayaoni mguu unakanyaga wapi.

Basi mama akapigwa na kiharusi. Aliamka alfajiri kutia udhu, akaanguka kando ya pipa la maji. Upande wa kushoto ukapooza, mkono na mguu. Sukari alikuwa nayo kabla ya hapo. Hospitali walimpa dawa, wakatwambia tumrudishe nyumbani, tumwangalie, tumshukuru Mungu kwa kilichobaki. Tukamrudisha. Na kilichobaki, kwetu sisi watu wa hapa, ni kukandwa.

Wewe labda umesikia tu mzazi akikandwa katika arubaini yake. Zamani hata mgonjwa wa viungo alikandwa. Maji ya chumvi yakichemka, kitambaa kikichovywa, kikakamuliwa, kikawekwa kwenye kiungo kikiwa bado kinatoa mvuke, halafu mafuta ya simsim na mkono. Aliyekuwa akija kumkanda mama ni Bi Mbeyu, mama wa Kigiriama aliyekaa Tudor kwa mwanawe, mfanyakazi wa bandarini. Alikuwa Mkristo, na msalaba wake mdogo akiuingiza ndani ya nguo kila anapoingia kwetu. Hakuna aliyemwambia afanye hivyo, ni adabu yake tu. Akija Jumatatu na Alhamisi. Siku zilizobaki zilikuwa zangu.

Sasa sikiliza hili, maana ndilo lenyewe. Bi Mbeyu alikuwa na desturi ambayo hakuiacha hata siku moja. Akishakamua kitambaa, kabla hajakiweka kwa mgonjwa, alikilaza kwanza kwenye shavu lake mwenyewe, akafumba macho, akahesabu moyoni. Akiona kinamchoma alikipepea, akakijaribu tena. Aliita "kuonja". Aliniambia, "Mwanangu, moto usiouonja wewe usimwonjeshe mwenzio." Shavu lake la kulia lilikuwa limekolea weusi kuliko la kushoto, kwa miaka ya kuonja mioto ya watu.

Nami nikiitikia, "Naam, Bi Mbeyu," huku akili yangu iko kwenye kofia.

Nitakwambia kweli yangu, sina wa kumwonea haya tena. Nilichoka. Kila siku baada ya sala ya alasiri ilinibidi niwashe jiko la makaa, nichemshe maji, nikae kitini kando ya kitanda saa nzima na ziada, nikande mguu uliolegea kama mto. Na mama, ulimi wake ukiwa umerudi kidogo, kila siku akinisimulia kisa kile kile, cha siku niliyozaliwa, mvua ilivyojaza kichochoro hata mkunga ikabidi abebwe mgongoni na baba. "Na baba yako alivyokuwa mwembamba, masikini!" Akicheka kwa upande mmoja wa uso. Mimi nikisema, "Eeh, mama. Eeh." Wakati mwingine alinielekeza, "Hapo, hapo chini ya goti. Kanda hapo." Nakanda. Naangalia saa ya ukutani.

Wakati huo tulikuwa na kazi ya kofia saba za harusi moja ya Tudor, za bwana harusi na ndugu zake. Mama mkono wake mmoja haushoni tena, kazi yote ni yangu. Nikaona ile saa ya alasiri naibiwa. Ndipo shetani akanijia kwa sura ya akili.

Kibandani kwa ami palikuwa na debe la pasi mbovu. Ndani ya pasi mna waya mwembamba, ule unaopata moto hata ukawa mwekundu. Nikaufumua waya wa pasi mbili, nikaunyoosha. Nikakata vipande viwili vya bafta jeupe, ukubwa wa mto wa mtoto. Kisha nikaufanyia waya ule kazi ya kofia. Niliulaza kwenye bafta, unakwenda na kurudi, unakwenda na kurudi, mistari haigusani, kila upana wa kucha nimeubana kwa mshono wa uzi. Nikafunika kwa kipande cha pili, nikapiga pindo. Nikaunga kwenye transfoma ya redio kubwa iliyokufa, ili stima ije ndogo isimrushe mtu. Hesabu ya urefu wa waya niliipiga mwenyewe. Kilitoka chembamba, chakunjika kama leso, wala hukusikia waya mkononi. Wallahi kilikuwa kizuri. Hata leo, pamoja na yote, mkono wangu unakumbuka kilivyokuwa kizuri, na nauonea haya.

Ami Twahir alikigeuzageuza akatikisa kichwa. "Kazi ya mtu mzima hii," akasema. Nikafurahi. "Lakini hakijui kujizima. Ngoja nikutafutie kile kidude cha ndani ya pasi, kinachokata moto ukizidi. Moto wa makaa una moshi, una rangi, wakwambia nakuja. Moto wa stima ni mnafiki. Haukwambii mpaka umekwisha kazi yake."

"Sawa, ami," nikasema. Akaanza kukitafuta. Mimi sikungoja.

Nilikijaribu juu ya meza, feni inazunguka, kiganja changu juu yake. Nusu saa nzima, vuguvugu la kupendeza, halipandi. Nikajipongeza. Nilijaribu kwenye meza, mwanangu, na upepo unapita. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, nami sikulalia kile kitambaa hata dakika moja.

Alhamisi Bi Mbeyu akakikuta. Nilimwonyesha kwa majivuno. Akakipokea kwa mikono miwili, akakilaza shavuni, akafumba macho kama kawaida yake. Alikaa sana.

"Sasa hivi ni sawa," akasema. "Na baadaye? Mkono wangu nikichomeka huondoka wenyewe. Hiki kitaondolewa na nani?"

Na mimi, msichana niliyelelewa, niliyefunzwa kumwambia mkubwa "naam", nikafungua kinywa nikasema, "Bi Mbeyu, waogopa utakosa kazi."

Ningelimeza neno lile kama ningeweza. Mama alisikia kule kitandani, akasema, "Astaghfirullah, mtoto huyu!" Bi Mbeyu alikiweka kitambaa changu juu ya meza, akakikunja vizuri pembe kwa pembe, akachovya chake kwenye maji ya chumvi, akakamua, akakionja shavuni, akamkanda mama mguu mpaka mwisho. Alipoondoka aliniaga kama siku zote.

Ijumaa nilimwekea mama kitambaa changu robo saa, nimekaa naye, nashona. Nikamuuliza, akasema joto lake tamu. Jumamosi ndiyo siku ile niliyoanza nayo. Watu wa Tudor walituma ujumbe wazitaka kofia alasiri ile ile, wageni wameshafika. Nikamzungushia mama kitambaa kwenye muundi wa mguu ule uliopooza, nikakikunja ncha moja juu ya nyingine kisitoke, na kwa kuwa feni inampiga, nikamfunika leso mbili juu. Nikawasha. Nikavaa buibui.

"Mama, si moto sana?"

"La, mwanangu. Mtamu. Nenda, usiwaweke watu."

"Nusu saa tu nimerudi."

"Nenda," akasema, akanichekea kwa upande ule mmoja.

Tudor walinipokea kwa vigelegele. Mama wa bwana harusi aliwavalisha vijana wake zile kofia moja moja, akazigeuza, akazitazama kwenye mwanga, akaita wenziwe waje waone mkono wa mtoto wa Kuze. Wakanikalisha. Chai ya maziwa, mahamri, mbaazi za nazi. Kila nikitaka kuinuka, anakuja mwingine kunisifu. Nami napenda sifa, mwanangu, sikufichi, napenda mpaka leo. Nikakaa. Nilipotazama saa, saa nzima na nusu imepita tangu nitoke nyumbani.

Nilisikia harufu kabla sijaingia chumbani. Ilikuwa kama leso iliyosahauliwa chini ya pasi, na ndani yake harufu nyingine. Mama alikuwa macho. Alinigeuzia uso, akatabasamu.

"Umerudi? Wamezipenda?"

Nikachomoa waya ukutani, nikafunua leso. Pale nilipokunja ncha juu ya ncha, bafta lilikuwa limegeuka rangi ya kahawia, na nilipolivuta, likaja na ngozi. Na mamangu bado ananitazama, anangoja nimjibu kama wamezipenda. Hakuwa na habari. Mguu wake ulikuwa ukiungua, naye amelala ananingoja nije nimweleze habari za Tudor.

Nilipiga ukelele mpaka kichochoro kikajaa watu. Ami Twahir alikuja mbio, mkononi ana kile kidude cha kukata moto. Alikuwa amekipata siku hiyo hiyo. Alikitazama kitambaa, akakitazama kidude, akakitia mfukoni, wala hatukukitaja tena mimi na yeye mpaka alipokufa. Tukampakia mama kwenye teksi. Daktari alitwambia kidonda cha mwenye sukari ni shida, na cha mguu usio na damu ya kutosha ni shida mara mbili. Wakamfunga, tukarudi naye nyumbani usiku ule. Wazee walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Kumbe waweza usisikie wewe, guu likavunjika la mwingine.

Bi Mbeyu alikuja siku ya pili. Nilijificha jikoni. Alinifuata huko huko, akachukua ndoo, akaniambia, "Nitachota maji, wewe chemsha." Ni hayo tu. Nilitamani anitukane, ningepumua. Akaja kila siku tangu hapo, si Jumatatu na Alhamisi tu, na hakutaka kulipwa.

Kidonda hakikupona. Kila asubuhi nilikiosha mwenyewe, nilimkatalia kila mtu. Siku moja nikiwa nakifunga sikuweza tena kunyamaza, nikamuuliza, "Mama, kwa nini uliniambia mtamu?"

Aliutazama ule mguu.

"Mguu huu tangu nianguke sijapata kuusikia, mwanangu. Si maji ya Bi Mbeyu, si mkono wako. Umekufa zamani."

"Lakini ulikuwa wanielekeza! Hapo, chini ya goti, kanda hapo!"

"Nalikuwa nakisia tu."

"Basi kukandwa kulikufaa nini? Kila siku ya Mungu, mama, saa nzima?"

Akaninyooshea mkono wake mmoja mzima, akanishika kidevu, kama alivyokuwa akinishika nilipokuwa mdogo nimekosea vitundu. "Ningekuona lini, Rukia? Asubuhi kofia, jioni kofia, katikati waya za ami yako. Alasiri ndiyo ilikuwa yangu. Ukaja na kitambaa chako, umefurahi vile. Nilikuwa nikwambie sikitaki?"

Nikamalizia kukifunga kidonda, mwanangu, nikaenda kuwasha jiko.

Mguu wakaukata. Hakufika Ramadhani. Inna lillahi wa inna ilayhi raji'un. Nilimwosha mimi na wanawake wa mtaa, na Bi Mbeyu, kwa kuwa si wa dini yetu, alikaa nje kwenye baraza mpaka tulipomaliza, kitambaa chake cha kukandia kimekunjwa mapajani. Nadhani alikileta kwa mazoea.

Baada ya hapo nilikuwa na wakati. Loo, wakati nilikuwa nao! Alasiri nzima, mikono mitupu, hakuna wa kumchemshia maji. Nikikaa kwenye kile kiti kando ya kitanda kilichokunjwa godoro, najaribu kukumbuka kile kisa cha mvua na mkunga, na kumbe kwa kuwa nilikuwa nikisikiliza nusu, nusu yake sina. Sijui hata mkunga aliitwa nani. Nilikisikia mara mia, sikukisikia. Majuto ni mjukuu, watu husema, na mimi huyu mjukuu nimemlea miaka yote hii.

Kwa nini nakwambia leo? Juzi mjukuu wangu Nasra, anayesomea ufundi, alinijia na furaha imemjaa usoni. Ametengeneza mwenyewe kipande cha joto cha magoti, chembamba kuliko changu, amejifunza kwa video za simu. Cha kuchomeka kwenye betri, wala hakina waya wa pasi, kina kitambaa cheusi kinachopitisha stima. Nimeona mishono yake, nikajua huyu ni damu yangu. Akanifunga gotini, akaniuliza, "Nyanya, si moto sana?"

Wallahi, ni swali langu lile lile la Jumamosi ile. Na unajua ulimi wangu ulikuwa karibu kutoka na neno gani? "La, mwanangu. Mtamu." Goti langu lina ganzi mwaka wa pili huu, wala hajui. Nilikuwa nimwambie mtamu, kwa kuwa amefurahi, na kwa kuwa alikuwa amepiga magoti karibu yangu na simu yake ameiweka mbali. Pale ndipo nilipomfahamu mamangu, nimeshachelewa miaka arubaini na ushei.

Nikakifungua, nikampa mkononi. Nikamwambia, "Usiniulize mimi. Weka kwenye shavu lako, ufunike na leso mbili, ukae nacho kama utakavyoniacha mimi nikae nacho. Kisha tuzungumze."

Basi na wewe, mwanangu, nasaha yangu ni hiyo hiyo. Sikukatazi kuunda. Mikono iliyopewa akili haina budi kuunda. Lakini chochote chenye moto ulichokiunda, kilalie wewe kwanza, kikiwa kimekunjwa na kufunikwa, na kile kidude cha kukizima usikose kukingoja, hata kama watu wa Tudor wamesimama mlangoni. Mkubwa akikuonya, usimtafutie sababu ya kumtia doa. Na usimwulize anayekupenda kama unamwumiza, maana atakwambia la. Tazama mwenyewe, gusa mwenyewe, rudi mapema. Na ile saa inayokuchosha kando ya kitanda cha mzazi, iangalie vizuri kabla hujaitafutia mashine ya kuibeba. Huenda kazi si ile unayodhani unaifanya.

Mungu akuhifadhi na moto usio na moshi. Akupe mkono wa Bi Mbeyu na shavu lake. Akujaalie mzazi wa kumkanda na wakati wa kumkanda, na asikuondolee kimoja ukabaki na kingine, kama nilivyobaki mimi. Amina.